Michoro ya viwanda: Tatizo si udogo wa kompyuta

Mwezi jana niliitwa na wakurugenzi wa kiwanda kimoja cha chai, kusini kidogo mwa ikweta, niwape maoni kuhusu ombi lililokuwa mezani pao. Kijana anayewachorea michoro alikuwa ameomba kununuliwa kompyuta mpya, na bei aliyoitaja ilitosha kumlipa yeye mwenyewe mshahara wa miezi minane. Sababu aliyoitoa ni kwamba kielelezo cha kiwanda kilichomo ndani ya kompyuta kimekuwa kikubwa mno. Akikifungua asubuhi huenda jikoni kunywa chai, akirudi hukuta hakijafunguka. Akijaribu kukigeuza ili akitazame kwa upande wa pili, kompyuta huganda. Na zipo siku ambazo huzimika kabisa na kuondoka na kazi ya nusu siku.

Nilimwomba anifungulie kielelezo hicho. Tulikwenda kunywa chai pamoja.

Wakurugenzi wale ni wakulima. Wengi wao huamka alfajiri kuchuma majani kama wakulima wenzao waliowachagua, na kila shilingi inayonunua kompyuta hutoka katika bonasi ya mwisho wa mwaka. Kwa hiyo swali waliloniuliza halikuwa la kiufundi pekee. Nami naliandikia safu hii kwa kuwa najua kiwanda hicho si peke yake. Ombi kama lile limo katika mafaili ya mameneja wengi wa viwanda vya sukari, vya saruji, vya maziwa na vya nguo kote nchini, na aghalabu hukubaliwa bila mtu yeyote kufungua kielelezo kilicholalamikiwa.

Nisemapo kielelezo sina maana ya ramani ya karatasi inayoning'inizwa ukutani katika afisi ya meneja. Nazungumzia umbo kamili la kiwanda ndani ya kompyuta, lenye urefu, upana na kimo, ambalo mtu aweza kulizunguka, kulipanda na kuliingia. Katika programu za kazi hii kila mashine ni faili mbalimbali, nayo faili ya mashine huita faili za viungo vyake, na viungo huita viungo vidogo zaidi. Faili kuu ya kiwanda yenyewe haibebi mengi. Ni kama daftari la karani wa harusi: halina wali wala nyama ndani yake, bali lina orodha ya nani ataleta nini na akae wapi. Karani akiita jina na mwenyewe amehama bila kuaga, shughuli hukwama. Na akiita wageni elfu arubaini kwa harusi ya watu mia mbili, ukumbi hauwezi kutosha hata ungepanuliwa mara mbili.

Kielelezo kilipofunguka hatimaye, baada ya dakika 25, nilikuta ndiyo hali yenyewe. Kulikuwa na ukanda wa kusafirishia majani kutoka jukwaa la kunyaushia hadi kwenye mashine za kusaga. Ukanda huo una rola 400. Kila rola ina beringi mbili, na kila beringi ilikuwa imechorwa pamoja na tufe zake tisa za chuma. Hesabu si ngumu: ni tufe 7,200, zote zimefungiwa ndani ya beringi zisikoonekana, na kila mara kijana yule alipogeuza kiwanda kompyuta ililazimika kuzifikiria. Hakuna mpangaji wa kiwanda anayehitaji kujua tufe ya tano ya beringi ya mia tatu ilipo. Anachohitaji kujua ni kama ukanda unapita chini ya bomba la mvuke bila kuligusa, na kama mama anayefagia pembeni ana mahali pa kusimama.

Tufe zile hakuzichora yeye. Zilikuja na kielelezo kilichotumwa na muuzaji wa ukanda kutoka ng'ambo, kwa mfumo wa STEP, ambao ni kiwango cha kimataifa kilichochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1994 ili programu za watengenezaji mbalimbali ziweze kupokezana maumbo. Muuzaji alituma mchoro wake wa karakana, ule anaoutumia kutengeneza rola zenyewe. Kwake hauna ila. Kwetu ulikuwa mzigo wa mtu mwingine uliotwikwa kichwani mwetu, nasi tukaupokea kwa mikono miwili kwa sababu ulionekana wa kupendeza kwenye skrini.

Baya zaidi, kielelezo hicho kilikuwa kimepokelewa mara tatu, kwa siku tofauti, kila mara kwa majina mapya. Hapa msomaji aniruhusu nieleze jambo moja la ndani kidogo. Programu hizi zina busara yake: kitu kimoja kikitumiwa mara elfu, umbo lake hupakiwa katika kumbukumbu ya kompyuta mara moja tu, halafu hurudiwa mahali pengi kama mwangwi. Bolti elfu moja za jina moja ni nyepesi kwa kiasi kikubwa. Lakini bolti ile ile ikihifadhiwa kwa majina 12, kompyuta haina jicho la kutambua kwamba ni ndugu; huzihesabu kuwa bolti 12 na kuzibeba zote 12. Uzembe wa kutaja majina, ambao katika daftari la karatasi ni aibu ndogo tu, huku hugeuka kuwa uzito.

Nilikuta pia kwamba majengo yalikuwa yakitetemeka. Simaanishi majengo yenyewe, bali picha yake: mtu akisogea karibu kutazama nguzo, mistari ilichezacheza kama mwenye homa ya malaria. Kijana alidhani kadi ya picha imeharibika. Asili ya ugonjwa huo ilikuwa ramani ya mpima ardhi. Katika mfumo wa UTM ambao wapima ardhi wengi hutumia, kwa sisi tulio kusini mwa ikweta, ikweta yenyewe hupewa namba ya mita 10,000,000, na namba hupungua tuelekeapo kusini. Kiwanda kilichoko karibu na Nairobi basi huwa na namba inayozidi mita milioni 9.8. Sasa, sehemu ya kompyuta inayochora picha aghalabu huhifadhi namba kwa tarakimu kama saba zenye maana. Tarakimu zote saba zikimalizwa na mita, hakuna iliyobaki kwa ajili ya sentimita, sembuse milimita. Dawa yake haina gharama: kona moja ya jengo, tuseme nguzo ya A1, ifanywe kuwa sifuri, na umbali wake kutoka alama ya mpima ardhi uandikwe mara moja mahali panapojulikana. Nimeona kampuni ikibadilisha kompyuta mbili kwa sababu ya tetemeko hilo, na tetemeko likahamia katika kompyuta mpya pamoja na faili.

Huenda msomaji ashaanza kuniona kama mtu anayewakemea vijana kutoka kwenye kiti cha juu. Basi na niseme yaliyonipata mimi.

Mwaka 2011 nilipewa kazi ya kupanga mahali pa mashine mpya ya kukaushia chai katika kiwanda kingine. Muuzaji alinitumia kielelezo chenye vipande zaidi ya 11,000, na mimi, kwa kupenda makuu, nikakiingiza kizima. Kompyuta niliyokuwa nayo ilikuwa ya biti 32, na mashine ya namna hiyo haiwezi kuhesabu zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu hata ungeitia pipa zima. Ilikuwa ikizimika kila baada ya robo saa. Kazi ilikuwa na tarehe, meneja alikuwa akipiga simu. Nikafanya alivyofanya kila mchoraji aliyebanwa: nikatafuta kitu cha kuondoa ili kompyuta ipumue. Sikuondoa bolti za mashine, kwa kuwa kuzichambua moja moja kungenichukua siku tatu. Niliondoa paa. Niliyazima mabati, kenchi na boriti zote za chuma kwa kubonyeza mara moja, kielelezo kikawa chepesi kama unyoya, nikafanya kazi hadi usiku na kuchapisha michoro. Kuliwasha paa tena nilisahau.

Mashine ilifika, ikawekwa juu ya saruji niliyoipima, ikakaa sawasawa. Kisha wakaanza kupandisha bomba la kutolea hewa na vumbi, lenye kipenyo cha sentimita 60. Mimi nilifika siku ya tatu. Nilimkuta fundi wa kuchomelea yuko juu ya ngazi, moto wa gesi umewashwa, ameshaanza kuunguza rangi ya boriti ya mshazari inayoshikilia paa. Bomba langu lilipita katikati yake.

"Injinia, usiwe na wasiwasi," alinijibu nilipompigia kelele. "Tunaikata kidogo tu, halafu tutachomelea nyingine kando."

Chini yake walikuwa wamesimama wafanyakazi sita, wakisubiri kuinua kipande kinachofuata. Alishuka, nashukuru. Bomba ilibidi likatwe na kupindishwa mara mbili na mafundi wa Jua Kali waliofanya kazi nzuri kuliko yangu, lakini hayo yalichukua siku 16, katika msimu wa mvua ambapo majani huja kwa wingi. Sehemu ya majani ikapelekwa kiwanda jirani kwa malori ya kukodi. Nililipwa pungufu, nami sikufungua mdomo kulalamika, kwa kuwa waliogharimika zaidi hawakuwa mimi wala muuzaji. Walikuwa ni wale waliokuwa wamepanga foleni penye mizani ya kununulia majani, ambao hawakuwa wamewahi kusikia kwamba kuna kitu kinachoitwa kielelezo.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja ambao sijaona sababu ya kuuacha: maelezo yaweza kupunguzwa, nafasi haipunguzwi. Mashine ikigeuzwa kuwa sanduku tupu si vibaya, almuradi sanduku hilo lieneze mikono yake kama mashine yenyewe ienezavyo. Mlango wa boila ukifunguliwa unafika wapi? Mirija yake ikichakaa huvutwa nje kwa urefu wake wote, na mahali pa kuivutia pasipoachwa tangu mwanzo, itabidi ukuta uvunjwe. Foklifti hupinda kwa nusu kipenyo gani? Fundi wa umeme atasimama wapi akifungua kabati lenye swichi? Mambo hayo hayamo kabisa katika kielelezo kile kizuri cha muuzaji chenye tufe 7,200, ilhali ndiyo yanayoua watu. Kwa hiyo kila mashine inastahili kuwa na maumbo mawili au matatu: moja la sanduku pamoja na nafasi yake, jingine la wastani, na lile kamili ambalo huitwa tu siku linapohitajika. Programu zote kubwa za kazi hii zina njia ya kufanya hivyo. Njia hiyo ipo kwenye menyu, na vumbi limejaa juu yake.

Kuna watakaosema kwamba haya ni matatizo ya Wazungu na ndege zao, si ya kiwanda cha chai. Ndege nazo zina funzo. Boeing 777, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwezi Juni 1994, ilisanifiwa yote kwa kompyuta, na vipande vyake huhesabiwa kwa mamilioni. Kompyuta za wakati ule zilikuwa dhaifu kuliko simu iliyomo mfukoni mwa kijana wetu. Miaka 12 baadaye, mnamo 2006, kampuni ya Airbus ilikiri kwamba ndege yake kubwa ya A380 itachelewa, na sababu mojawapo ilikuwa ya michoro. Wahandisi wa Hamburg, Ujerumani, walikuwa wakitumia toleo la zamani la programu ya CATIA, ilhali wenzao wa Toulouse, Ufaransa, walitumia toleo jipya, na matoleo hayo hayakuelewana vilivyo. Ndege moja ina nyaya za umeme zenye urefu wa kilomita 530 hivi. Zilipoletwa kufungwa, nyingi hazikufika zilikotakiwa kufika. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa wanunuzi Oktoba 2007, na hasara ilihesabiwa kwa mabilioni ya yuro. Airbus haikukosa kompyuta kubwa.

Wengine, hasa wazee wa taaluma yangu, husema viwanda vyetu vingi vilijengwa kwa penseli na bado vinasimama. Kweli kabisa, na hoja yao ina uzito kuliko wanavyodhani. Mhandisi wa zamani alikuwa na ubao mmoja na karatasi moja. Kwa kipimo cha 1:100, bolti ya milimita 12 ingekuwa nukta ya milimita 0.12, nyembamba kuliko ncha ya kalamu yake. Karatasi ilimkataza kuichora. Ilimlazimisha aamue kila asubuhi ni lipi la muhimu na ni lipi la kuachwa. Kompyuta imetuondolea ukingo wa karatasi, nasi tukadhani imetuondolea pia kazi ya kuamua.

Wanagenzi wanaoletwa kwangu kutoka vyuo vya ufundi wana ujuzi mzuri wa kuchora kipande kimoja. Watakuchorea gia yenye meno yote mpaka upendezwe. Lakini nikiwauliza faili hiyo wataiita jina gani, wataiweka wapi, na itakuwaje mwenzao akiihamisha, hutazamana. Nimepokea kielelezo ambacho faili zake zilikuwa na majina ya "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho mpya", na iliyokuwa sahihi ni ya pili. Nimeona pia mashine zilizofungwa moja kwa nyingine kama watoto wanaoshikana mikono kuvuka barabara: ya kwanza ikisogezwa nusu mita, zote thelathini huyumba, na kompyuta hutumia dakika kumi kukokotoa upya. Kila mashine ingefungwa kwenye nguzo za jengo, ambazo haziendi popote, taabu hiyo isingekuwapo. Haya hufundishika kwa wiki mbili. Ningekuwa mtunga mtihani, ningewapa wanafunzi kielelezo kilichovurugika cha kiwanda kizima na kuwaambia wakisafishe, badala ya kuwapa karatasi tupu.

Lakini lawama kubwa siwapi vijana. Nawapa wenye viwanda na sisi washauri wanaotuajiri. Katika kiwanda hicho nilichoitwa, nilipotaka kuona faili za asili za jengo, meneja alinipa rundo la karatasi zilizochapishwa na picha zake ndani ya kompyuta. Faili zenyewe aliondoka nazo mshauri wa awali miaka kadhaa iliyopita. Zile chache zilizobaki zilikuwa bado zikitafuta viungo vyao katika diski ya kompyuta yake, kila zinapofunguliwa, kama mbwa anayemngoja bwana aliyehama. Wakulima wale walilipia kielelezo, wakapewa picha. Walipotaka kubadilisha kitu ilibidi wachore upya, ndipo mrundiko ukaanza.

Mkataba wa mshauri yeyote unapaswa kusema waziwazi kwamba malipo ya mwisho hayatolewi mpaka kielelezo kizima, pamoja na faili zake zote, kimefunguliwa katika kompyuta ya kiwanda bila ya kiungo hata kimoja kukosekana. Muuzaji wa mashine naye aambiwe kabla ya kulipwa amana kwamba alete umbo jepesi lenye nafasi za kazi na za matengenezo, si mchoro wake wa karakana. Na ndani ya kiwanda awepo mtu mmoja, jina lake lijulikane, mwenye ruhusa ya kubadilisha kielelezo kikuu, wengine watazame. Najua sisi washauri hatutafurahia sharti la kwanza. Wapo kati yetu wanaokula kutokana na faili walizozishika mateka.

Kijana na mimi tulifanya kazi siku nne. Tuliondoa tufe, nyuzi za skrubu na herufi zilizochongwa kwenye vibao vya mashine. Tukaunganisha majina yaliyojirudia. Tukaleta nguzo ya A1 kwenye sifuri. Tukatenga jengo, mabomba, umeme na mashine, kila kundi na faili yake. Kielelezo kilichokuwa kikifunguka kwa dakika 25 sasa hufunguka kwa dakika tatu kasoro. Niliwaambia wakurugenzi wamwongezee kumbukumbu katika kompyuta aliyo nayo, na wamnunulie diski mbili za kuhifadhia nakala, moja ikae mbali na kiwanda. Kompyuta kubwa siikatai milele. Wakileta mtu wa kupima jengo kwa miale ya leza, vipimo vyake huja kwa mamia ya mamilioni ya nukta, na hapo itafaa mazungumzo yarudiwe.

Wao pia wameagiza mashine ya kukaushia. Kijana ameniahidi kunitumia kielelezo kipya kabla haijafika bandarini Mombasa. Nimemwambia kwamba kitu cha kwanza nitakachotazama ni paa.